Ng'ombe Tulimla, Karatasi Nikaisaini

Papa,

Joho lako sasa analivaa Bisimwa. Nalisema hilo kwanza, lisije likanikaa kooni barua nzima. Linamkaa vizuri, na hapo ndipo penye kuudhi. Wewe ulikuwa mfupi, lilikuwa linafagia sakafu, mpaka Mama akalikunja pindo na kulishona kwa uzi mweusi. Bisimwa ameufumua ule uzi. Siku ya kwanza nilipomwona akishuka ngazi za mahakama nilitazama chini, kwenye mstari wa ule mkunjo, pale kitambaa kilipobaki cheusi kwa kuwa hakikuwahi kuona jua, na wivu ukanishika. Mwanamke mzima, mke wa mtu, mama wa watoto watatu, nauonea wivu upindo wa nguo.

Ungekuwepo ungecheka. Ungesema, kama ulivyozoea kusema mbele ya wageni, "Huyu Nabintu wangu iko na wivu ya kuku yenye kulalia mayai." Halafu ungenituma chai.

Hebu nikupe habari. Mwaka umekwisha tangu uondoke. Ofisi yako ya Nyawera amepangishwa fundi cherehani. Dirishani pale ulipobandika tangazo lako, "Ajali za barabarani, ushauri kila siku isipokuwa Jumapili", ametundika koti la abakosti la mfano, lisilo na mikono. Mashine ya kuandika iko kwangu, juu ya meza tunayolia chakula, watoto wanaisogeza kando bugali inapoletwa. Mama bado yuko nyumbani kwetu Muhumba, anagombana na mbuzi wa jirani kwa ajili ya maua yako. Na wateja wako wanapanda Cimpunda kwa Bisimwa, kwenye kile chumba chake kilicho ubavuni mwa kinu cha mahindi. Wanafika viatu vimejaa matope, wanatoka mabega yamejaa unga, na njiani wanauliza kwa jina lako la uwakili: "Kwa mutoto ya Maître ni wapi?"

Mtoto wa Maître! Papa, mtoto wa Maître ni mimi.

Nilikuwa na miaka kumi uliponipa kamba kwa mara ya kwanza, sijui kama unakumbuka. Gari lilikuwa limemgonga mama mmoja muuza ndizi kwenye mteremko wa Kadutu. Mawakili wengine walingoja ajali iletwe mezani ikiwa imeshaandikwa. Wewe ulikwenda barabarani mwenyewe. Ulinichukua Jumamosi moja asubuhi, sisi wawili, na kamba yako ya mkonge yenye fundo kila mita. Ulisema: "Shika mwisho. Usicheke, usitembee, usiongee na batu." Nilishika. Ulipima alama za matairi, ukapima kutoka kibanda cha muuza sabuni mpaka pale walipomwaga mchanga juu ya damu, ukaandika kila kitu kwenye daftari lako la mraba. Kiatu chako kilikuwa wazi kisigino, na mimi nilikuwa msichana mwenye furaha kuliko wote katika mji ule.

Tulipima pamoja miaka sita. Nilijifunza mambo ambayo wenzangu wa shule ya lycée hawakuwa na haja nayo. Kwamba shahidi mzuri si abiria, maana abiria anashuka na kwenda zake. Shahidi ni mama anayeuza pale pale kila siku, na sharti ununue kitu chake kabla ya kumwuliza. Kwamba mtu aliyegongwa aende kwa daktari siku ile ile hata kama anacheka, na asirudi bila karatasi yenye muhuri, la sivyo mguu ukivimba kesho kutwa ataambiwa ulivimbia kwenye dansi. Kwamba kabla ya kumpigia dereva kelele utazame kwanza kile kikaratasi cha bima kwenye kioo chake, na tarehe yake, kwa sababu kuna wenye magari wanaolipa mara moja na kukiacha pale mpaka jua linafuta maandishi. Kuhusu watu wa bima hukuwa na chuki. Ulisema si watu wabaya, ni watu wenye haraka sana siku ya kilio na wenye subira siku nyingine zote.

Halafu Bisimwa akaja. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Cimpunda, kaka yake alikufa chini ya basi, ukawashindia kesi, naye akaja na kuku kukushukuru. Kuku tulimla, mwalimu akabaki. Chuo kikuu hakufika. Na mimi sikufika. Yeye ulimfundisha mpaka akafanya mtihani wa défenseur judiciaire, mtetezi anayesimama mahakamani bila digrii ya wakili. Mimi ulinipa mashine. Ulisema barabara si mahali pa msichana aliyekwisha kukua, watu wanatazama. Ukaongeza, "Wewe iko na vidole vya akili." Nilikubali kwa sababu uliyasema kama zawadi.

Kamba akashika Bisimwa.

Sijakuambia kamwe nilivyokuwa nikiwasikia mkirudi. Nilijua mlio wa viatu vyenu ngazini, wewe mbele, yeye nyuma, mnabishana kuhusu kona fulani, kama lori lingeweza kuonekana au lisingeweza. Mlikuwa mnaingia na harufu ya mvua na ya vumbi la safari, mnanitupia daftari, "Piga hii, tatu, na karboni." Nilipiga. Maneno yako yote yalipita vidoleni mwangu, Papa, na mwisho wake nilikuwa nayajua kuliko yeye aliyekuwa anayasikia. Lakini nani anaiuliza mashine inajua nini?

Sasa nikukumbushe kesi ya yule mama wa Bunyakiri. Mtoto wake alivunjwa mguu na gari, wenye gari wakampelekea mbuzi wawili na kitenge, na karatasi ya kwamba hatadai tena, naye akabonyeza kidole. Wakati huo mume alikuwa machimboni. Wewe ulikuwa kitandani na malaria, unatetemeka mpaka kitanda kinalia, na maandishi ya kesi yalitakiwa kupelekwa asubuhi. Nilipiga yote uliyoandika. Halafu nikaona pengo. Ulikuwa umeitaja sheria inayosema mwanamke aliyeolewa hasaini jambo zito bila ruhusa ya mume wake, lakini uliitaja kwa aibu, mstari mmoja, ukapita. Ulikuwa unaichukia ile sheria. Mimi pia. Basi kwa hasira nikaongeza maneno yangu. Niliandika: Kama sheria inamhesabu mwanamke huyu kuwa mtoto siku anapodai, imhesabu mtoto pia siku anaposainishwa. Wenye karatasi walijua mume hayupo. Walimfuata kwa sababu hayupo.

Asubuhi ulisoma ukiwa umejifunika blanketi. Ukapiga goti kwa kiganja. Ukasema, "Bisimwa, hii paragrafu iko ya mwanasheria kabisa!" Bisimwa alitazama viatu vyake. Mimi nilitazama ukuta. Nilikuwa namngoja aseme. Kesi mlishinda, na jioni mezani ulirudia tena mbele ya Mama, Bisimwa hivi, Bisimwa vile, na mimi nikala sombe yangu ya kisamvu kana kwamba ni majani makavu. Tangu siku ile sikumwita tena kaka. Nilimwita Bisimwa, na kama ningeweza kumwita bila jina ningefanya hivyo.

Sasa tuje kwenye kifo chako, kwa sababu hukukiona mpaka mwisho na mimi pia sikukiona.

Mlikwenda tena barabara ya Bunyakiri kupima kona kwa ajili ya kesi ya mtu mwingine. Wewe ulikuwa umesimama kwenye nyasi, nje kabisa ya njia, kama ulivyotusimamisha sisi wote siku zote. Bisimwa alikuwa na ncha ya pili ya kamba. Lori la mbao likatelemka bila breki. Uliishi kidogo, wanasema, umelazwa chini ya mti. Siku ya mazishi nilimvuta Bisimwa kando, nikamwuliza ulisema nini. Nilikuwa nimejitayarisha kusikia jina la Mama. Nilikuwa natumaini, usinicheke, kusikia langu. Akanijibu: "Alisema, Bisimwa, andika plaque." Nikamwuliza, na baadaye? Akasema, "Baadaye, basi."

Na alikuwa ameiandika, namba ya lori, kwa kalamu ya bic kwenye kiganja chake. Alinionyesha. Hakuwa ameosha mkono siku mbili.

Papa, hata pale? Nilimwonea wivu wa kiganja. Nilimwonea wivu wa machozi, maana alilia kaburini kwa sauti, watu wakamshika mabega wakamwambia "Pole mutoto", na mimi nikasimama mkavu kama nguzo ya umeme, wakanong'ona kwamba binti wa Maître ana moyo mgumu.

Siku ya tatu ya kilio, mchana, wenye lori walikuja Muhumba. Walikuja vizuri, kwa desturi zote: ng'ombe mweusi mwenye baka kifuani, makreti ya bia, mchele, na mzee mmoja mwenye ulimi laini wa kuongea kwa niaba yao. Watu wetu walipiga makofi ya kupokea. Na nyuma ya ng'ombe alikuja bwana mwenye mkoba.

Hilo ulilifundisha mji mzima. Jumamosi za Salongo, kazi ya lazima ya mtaa, wakati wengine wanalima mitaro, wewe ulikuwa unaegemea jembe na kutoa ushauri wa bure mpaka kiongozi wa mtaa anakugombeza. "Ngombe yao, mukule. Njo mila, njo kuomba pole, kukataa ni matusi. Lakini ile karatasi yenye kufwata ngombe, muiache pa meza mpaka kilio kiishe." Kwa sababu karatasi ile huwa inasema familia imeridhika na haitadai kitu tena daima. Nani aliyapiga maneno hayo kwenye vikaratasi ulivyogawa hata mlangoni mwa kanisa? Mimi. Ningeweza kuyapiga nikiwa nimefumba macho.

Baba mdogo alisimama uani akauliza nani mkubwa wa nyumba anayejua kusoma. Mume wangu Mugisho alikuwa Goma kusahihisha mitihani, hajafika bado. Mama alikuwa ndani kwenye mikeka na wanawake. "Nabintu, kuya utie signature, bageni banangoja." Nikaenda. Na nilikwenda nikiwa na neno la kuwaambia, Papa, nakuapia. Nilikuwa nimeshalipanga: tunashukuru, ng'ombe tumempokea, karatasi tutaisoma baada ya kilio. Ningelisema mimi, kwa sauti yangu, mbele ya ukoo na mbele ya wateja wako waliojaa ua, na wote wangejua kwamba Maître ameacha mtu.

Bisimwa akanitangulia. Alitoka kati ya wanaume, macho mekundu, akasema: "Dada Nabintu, usisaini. Maître alikuwa anakatazaka."

Ua wote ukamgeukia yeye. Baba mdogo akatikisa kichwa: "Kumbe huyu njo anajua mambo ya muzee." Yaani neno langu, neno nililolipiga kwenye mashine mara mia, lilikuwa limechukuliwa mdomoni mwangu na mtu yule yule aliyechukua kamba, akachukua paragrafu, akachukua hata pumzi yako ya mwisho.

Nikasema, "Mimi njo mutoto ya hii nyumba." Nikachukua kalamu. Nikasaini ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa pili nikautia herufi zangu chini bila kuusoma, mimi ambaye maisha yangu yote sijawahi kuacha ukurasa wa pili wa mtu yeyote bila kuusoma. Bwana yule akafunga mkoba. Bisimwa akaondoka akaenda kusimama karibu na ng'ombe.

Ng'ombe tulimla. Alikuwa mnono.

Wiki moja baadaye nilikaa kusoma nakala waliyotuachia. Ukurasa wa pili ulisema marehemu aliingia mwenyewe katikati ya barabara bila kutazama, na familia inakiri hivyo. Wewe! Wewe uliyekuwa unatuvuta sikio mtu akikanyaga lami kabla ya kutazama huku na huku. Binti yako alikuwa ameweka herufi zake chini ya maneno hayo. Mama hasomi Kifaransa. Aliniuliza inasema nini. Nilimwambia, "Inasema pole."

Uwongo ule nilikaa nao miezi mitatu. Kila Mama alipoulizwa na watu kama wenye lori watajibu mahakamani, alisema ndiyo, Bisimwa anashughulikia, na mimi nilikuwa najua mlango umefungwa na ufunguo uko mkononi mwangu. Sikuogopa sana kukosa fidia. Niliogopa jina lako, kwamba katika faili za mahakama ile ile ulikosimama miaka yote utabaki umeandikwa kuwa mzee mmoja aliyezubaa barabarani.

Tulipomaliza kilio, nguo ziligawanywa kama desturi. Baba mdogo alipata abakosti mbili. Viatu vilikwenda kwa mjomba. Joho Mama alilishika yeye mwenyewe, akalikung'uta, akampa Bisimwa. Nilinyoosha mkono, kidogo tu, sidhani kuna aliyeona zaidi ya Mama. Akasema, "Hii haiko nguo ya mwanamuke, binti yangu." Mimi nilipewa mashine. Kamba hakuna aliyeitaka, kwa hiyo niliichukua. Niliitoa udongo wa Bunyakiri kwa brashi, nikaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango.

Jumapili moja baada ya misa Bisimwa akabisha kwangu. Nilijua ameiona ile karatasi, wenye lori walikuwa wameitoa mahakamani kama ngao. Nilingoja anitukane. Ningefurahi anitukane, ningekuwa na cha kumjibu. Alikaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yamefika kifuani, akasema: "Dada, njia iko moja tu. Ile paragrafu yako ya maman wa Bunyakiri."

Yako, alisema.

Nilimwuliza basi siku ile alinyamaza kwa nini, miaka yote hii alinyamaza kwa nini. Akasema hakunyamaza. Alikuambia wiki ile ile. Na akanirudishia jibu lako kwa sauti yako, maana anakuiga vizuri sana, na hilo pia namwonea wivu: "Ninajua. Mutu wa kuandika fupi vile iko mumoja tu mu nyumba. Lakini akijua kama anaweza, atatoka pa machine. Na mimi nitapata wapi mwingine wa kupiga bila kosa?"

Papa.

Nimeandika neno hilo nikaacha mashine, nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Ulijua. Ulikaa mezani ukamsifu mtu mwingine mbele yangu, na ulijua, na mimi nikala sombe ile. Miaka nimemchukia Bisimwa kwa kosa lako wewe. Nilikuwa namwonea wivu kwa sababu nilidhani hukuniona, kumbe uliniona vizuri sana, ukaniweka pale unaponihitaji. Sijui lipi linauma zaidi. Nakupenda na nimekukasirikia, na huna pa kukimbilia, uko kaburini, utanisikiliza mpaka nimalize.

Siku ya kesi nilivaa kitenge kile cha bluu ulichoninunulia. Mugisho alikuja, akamwambia jaji hakutoa ruhusa yoyote, wala hakuombwa. Jaji akaniita mwananchi kwa Kifaransa, "Citoyenne, sahihi hii ni yako?" Ni yangu. "Mumeo alikuruhusu?" Hapana. Hapo ningeweza kukaa. Bisimwa alinifanyia ishara nikae. Lakini mawakili wote uliowahi kubishana nao walikuwa pale wananitazama kama wanavyomtazama mjane wa kijijini aliyedanganywa na mbuzi wawili, na sikuweza. Nikasema, "Nilijua ni nini. Karatasi za namna ile najua kuliko mutu yeyote hapa. Nilisaini ju ya wivu. Ukurasa wa pili tu njo sikusoma."

Bisimwa alifumba macho. Na jaji, unajua alifanya nini? Alimwambia karani hana haja ya kuandika hayo. Akasema sheria haiulizi kama mwanamke alijua. Inauliza kama aliruhusiwa.

Basi nilikaa. Hata kosa langu, la kwangu mwenyewe, lililonigharimu usingizi wa miezi mitatu, halikuhesabiwa kuwa langu. Bisimwa akasimama katika joho lako na kuyasema maneno yangu bila karatasi, neno kwa neno. Kama sheria inamhesabu mwanamke huyu kuwa mtoto. Sauti yake ilipanda mahali pale pale ambapo vidole vyangu viligonga mashine kwa hasira. Na mimi nilikuwa nimekaa pale, maneno mazuri kuliko yote niliyowahi kuandika yananifuta jina langu, na nikamwonea wivu, Papa, hata wakati ananiokoa, kwa sababu alikuwa amesimama na mimi nimekaa.

Karatasi ikatupwa. Baada ya hapo kazi ilikuwa nyepesi: namba ya lori, vipimo vya kamba vilivyokuwa tayari ndani ya daftari lako, na mama mmoja anayeuza maharage pale konani, ambaye Bisimwa alinunua kwake kilo nne kabla ya kumwuliza. Jaji ameandika kwamba ulikuwa umesimama nje ya barabara na kwamba lori halikuwa na breki. Watu wa bima walikuwa na subira yao ya kawaida, lakini wamelipa, na paa la Muhumba halivuji tena. Nilimsomea Mama hukumu yote kwa Kiswahili, halafu nikamwambia ile karatasi ya kwanza ilisema nini kwa kweli. Akasema, "Nilijua haikusema pole. Pole haina page mbili." Akaenda kufukuza mbuzi.

Sasa habari ya mwisho, ambayo ndiyo iliyonifanya nikuandikie.

Nimepeleka maombi ya mtihani wa défenseur judiciaire. Bisimwa ananiazima vitabu. Pembeni mwa kurasa kuna mwandiko wako, ulikuwa unamwandikia yeye, "angalia hapa", "hii usisahau", na kila nikiuona nafunga kitabu kidogo, napumua, nafungua tena. Wivu haujaniacha; nausoma pamoja na masomo. Faili langu lilikuwa limekamilika: diploma, cheti cha mwenendo mwema, picha mbili. Karani akalirudisha. Inakosekana karatasi moja, alisema, ruhusa ya mume.

Nilicheka mpaka akafikiri mimi ni mgonjwa. Nikarudi nyumbani, nikasogeza sahani, nikaweka mashine mbele yangu, nikaandika: Mimi niliyesaini hapa chini namruhusu mke wangu. Mugisho aliuliza aongeze nini. Nikamwambia asiongeze kitu, atie signature tu. Akaifuta mikono mchuzi, akatia. Ni barua isiyo na kosa hata moja, Papa. Ungeisifu.

Nikifaulu sitamwomba Bisimwa joho. Nitapeleka kitambaa kwa yule fundi wa Nyawera aliyekaa kwenye ofisi yako, anipimie pale pale ilipokuwa meza yako, anishonee la urefu wangu, lisilo na mkunjo. Na kesi yangu ya kwanza nitaanzia barabarani. Nakuahidi nitasimama kwenye nyasi. Nakuahidi pia kwamba msichana yeyote atakayenipigia maandishi, akiandika sentensi nzuri, nitamwambia ni nzuri siku ile ile, mbele ya watu, hata kama kesho yake ataniachia mashine.

Kamba nitakuwa nayo mimi. Ncha ya pili nimempa Bisimwa, amekubali. Nimemwambia asicheke, asitembee, asiongee na watu.

Lala salama, Papa. Jumapili nitakuja na Mama kung'oa majani, na nitakuwa bado nimekukasirikia kidogo, lakini nitakuja.

Mwanao,
Nabintu
(hii nimeisaini bila kumwomba mtu ruhusa)